Eda ilikwisha, kidonge hakikwisha

Maneno niliyozungumza Mombasa mbele ya wazee wa mtaa na watoto wao, nikayaandika baadaye kwa walioniomba.

Assalamu aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nina ombi, na nalitoa mwanzo kabisa kwa sababu najua msemaji akishapita robo saa watu huanza kutazama mlango. Ikiwa nyumbani kwako yupo mtu anayemeza kidonge cha kutuliza wasiwasi au cha usingizi kila siku, na amekuwa akikimeza kwa wiki nyingi au kwa miaka, leo ukirudi usiende kukitupa chooni. Usimfichie. Usimwambie "kuanzia leo basi". Mengine nitakayosema mkiyasahau nitawasamehe. Hili msilisahau: mtu aliyezoea dawa hizi akinyang'anywa ghafla anaweza kushikwa na kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho maishani mwake. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na niliyemwona ni mama yangu.

Mimi ni mfamasia. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka 31. Mwaka 1998 baba yangu alifariki. Waliowahi kukaa matanga wanaujua ule usiku ambao wageni wameanza kupungua, masufuria makubwa yamerudishwa kwa wenyewe, na mjane amebaki na ukuta. Bi mkubwa hakulala. Daktari mmoja jirani yetu, mtu mwema, akaandika diazepamu miligramu 5, kimoja usiku, akasema, "Mpeni angalau apate usingizi." Aliyekwenda kuileta ni mimi. Aliyekuwa akiijaza kila ikimalizika ni mimi vilevile, na shahada yangu imetundikwa ukutani. Eda ni miezi minne na siku kumi. Eda ilikwisha, akatoka, akarudi kwenye harusi na maulidi ya watu. Kidonge hakikwisha. Kiliendelea miaka tisa.

Nitarudi kwake. Kwanza tuzijue dawa zenyewe.

Ukoo huu unaitwa benzodiazepini. Anayejulikana zaidi ni diazepamu, ambayo hapa kwetu inaitwa Valium hata ikiwa imetoka kiwanda kingine kabisa, kama kila sabuni ya unga ilivyoitwa Omo. Ndugu zake ni lorazepamu, klonazepamu, bromazepamu, alprazolamu, midazolamu. Ukiona jina linaishia na "pamu" au "zolamu", uliza kabla hujameza. Omeprazoli ya tumbo haimo katika ukoo huu, ila nayo tutakutana nayo mbele.

Ubongo, kama gari, una pa kukanyagia mwendo na una breki. Breki yake kubwa ni kemikali iitwayo gaba. Wasiwasi ukikupanda, moyo unakwenda mbio, mikono inatoka jasho, kifua kinabana, ni kama gari limewekwa gia na breki imeshindwa. Kidonge hiki hakikanyagi breki chenyewe. Kinaufanya mguu wako mwenyewe uwe mzito zaidi juu ya breki ile. Gaba ile ile uliyonayo inafanya kazi kubwa kuliko kawaida. Ndiyo maana mtu hutulia ndani ya saa moja, misuli ikalegea, macho yakawa mazito.

Lakini breki hiyo haishughulikii wasiwasi peke yake. Inashika pia kumbukumbu, mizani ya mwili unaposimama, wepesi wa mkono kwenye usukani, na pumzi. Nusu ya madhara nitakayoyataja yametoka hapo, hayahitaji maelezo mengine.

Zilikujaje? Mwaka 1957, katika maabara ya kampuni ya Roche huko New Jersey, Marekani, mkemia Leo Sternbach alikuwa amekwisha kuliacha kundi moja la kemikali lililomchosha. Mwenzake Earl Reeder, katika kusafisha meza, akakuta fuwele zilizobaki ambazo hazikuwahi kupimwa. Wakazipeleka zijaribiwe, kisha mambo yaishe. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Zikawatuliza wanyama bila kuwaangusha. Dawa hiyo ikatoka madukani 1960 kwa jina la Librium, na 1963 akafuata mdogo wake mwenye nguvu zaidi, Valium. Kufika 1978, Marekani peke yake iliuza zaidi ya vidonge bilioni 2 vya Valium kwa mwaka mmoja. Mezani, mkobani, droo ya ofisini, kila mahali.

Madaktari walizikimbilia kwa sababu zilizotangulia zilikuwa zinazika watu. Nasema juu ya babituri. Umbali kati ya dozi ya kumlaza mtu na dozi ya kumuua ulikuwa mfupi mno, maana zile kwa dozi kubwa hukanyaga breki zenyewe, gaba iwepo isiwepo. Yule mwigizaji Marilyn Monroe alikufa 1962 na dawa za ukoo huo mwilini. Fenobabitoni, ambayo mpaka leo mnaiona zahanati kwa wagonjwa wa kifafa, ni ya huko huko.

Kwa hiyo mtu akikwambia Valium ni salama, hasemi uongo. Analijibu swali la mwaka 1960: ikimezwa peke yake kupita kiasi, itaua upesi kama zile za zamani? Mara nyingi, hapana. Lakini mimi mtu akija kaunta namuuliza maswali mengine mawili ambayo wakati ule hayakuulizwa sana. Unaimeza pamoja na nini? Na utaiachaje?

Nisije nikaonekana nimekuja kuitukana dawa. Mtoto akishikwa na degedege, macho yamegeuka, mwili unarushwa, dakika ya tano imepita, diazepamu ya kutiwa njia ya haja kubwa au midazolamu ya kutiwa shavuni inaweza kumrudisha kabla ubongo haujadhurika. Mgonjwa wa pepopunda ambaye misuli inamkaza kama upinde anaihitaji. Mlevi wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla na kuanza kutetemeka na kuona nyoka ukutani, dawa hizi ndizo zinazomvusha salama. Kabla ya upasuaji, pia. Katika mambo hayo sina la kupinga, na anayekataa mtoto wake asipewe kwa sababu "ni dawa ya wazimu" anakosea vibaya. Ninalozungumzia ni kidonge cha kila usiku, mwezi baada ya mwezi, cha mtu ambaye hakuna tena anayekumbuka alikianzia nini.

Sasa swali la kwanza, la kuchanganya.

Pombe iko mbele. Mnazi, bia, chang'aa, kwa jambo hili zote ni moja. Pombe nayo inaegemea breki ile ile. Kidonge kimoja na glasi mbili havijumlishwi kama unavyojumlisha shilingi. Pumzi inakuwa fupi, ulimi unarudi nyuma, na aliyelala chali anaweza asiamke. Wa pili ni ukoo wa afyuni: heroini, yaani unga, na morfini, kodeini, tramadoli, methadoni. Hawa wanaipiga pumzi kwa mlango mwingine, kwa hiyo wakikutana na benzodiazepini pumzi inavamiwa pande mbili. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali kuliko yote, lile la kisanduku cheusi, liwekwe kwenye pakiti za dawa za pande zote mbili juu ya mchanganyiko huo. Hapa Pwani hatukuhitaji kuambiwa. Kliniki za methadoni zimefika Malindi na Kisauni, zinaokoa watoto wetu, na wahudumu wa kliniki hizo wanajua kwamba anayekunywa methadoni yake asubuhi kisha jioni akatafuta bugizi mtaani ndiye wa kuhofiwa.

Bugizi. Nimeona wengine wanacheka, jina mnalijua. Zamani lilikuwa la Rohypnol, ile flunitrazepamu, siku hizi kijana anaweza kuuziwa kidonge chochote cha kulegeza kwa jina hilo. Njia ya kuingilia mara nyingi si ile wazazi wanayodhani. Kijana ametafuna miraa au muguka tangu alasiri. Saa nane za usiku macho makavu, moyo unadunda, mawazo yanazunguka kama feni. Mwenzake anampa kidonge "ushuke". Anashuka kweli. Kesho kutwa hawezi kushuka bila hicho, na asubuhi hawezi kuamka bila miraa. Anadhani ana ugonjwa wa wasiwasi. Huenda anao, lakini hatuwezi kujua mpaka hivyo viwili viachane.

Na Rohypnol hiyo hiyo ina historia chafu ya kutiwa kwenye vinywaji vya watu. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa uliihamishia kwenye udhibiti mkali zaidi ya ndugu zake, na baadaye watengenezaji wakatia rangi ya buluu ndani ya kidonge ili kinywaji kibadilike mtu aone. Sisi tunaita kuwekewa mchele. Mtu anaamka hana simu, hana pochi, na hana la kuwaambia polisi, kwa sababu dawa hizi zina tabia ya kuufuta ukurasa. Anatembea, anajibu maswali, pengine anatoa hata namba yake ya siri ya benki, na ubongo hauandiki. Kwa aliyewekewa mchele ni usiku mmoja. Bibi anayemeza kila siku anaweza kusahau kwamba amekwisha kumeza, akameza tena. Akina dada mnaowalea wazee, hilo ndilo la kuangalia. Kidonge cha pili hakimezwi kwa tamaa, kinamezwa kwa kusahau.

Kuna pia michanganyiko ya kimya. Omeprazoli, ambayo nusu ya mji huu inaimeza kwa vidonda vya tumbo, hulichelewesha ini kuivunja diazepamu, ikakaa mwilini zaidi. Dawa za fangasi kama ketokonazoli, na baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi kama ritonavia, zinaweza kuipandisha midazolamu au alprazolamu kufikia kiasi cha hatari. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inazifagia nje mpaka mgonjwa anaona hazifanyi kazi, anaongeza dozi mwenyewe, na siku anapomaliza matibabu ya kifua kikuu ile dozi ya nyongeza inamwangukia yote. Basi ukifika kaunta taja kila kitu unachomeza, na cha mitishamba pia. Hatutacheka.

Madhara ya kawaida nitayapitia haraka kwa kuwa mengi mnayajua: usingizi wa mchana, kizunguzungu, ulimi mzito, mwili kulegea, akili kuwa na ukungu asubuhi. Dereva wa matatu, wa boda boda, fundi wa msumeno, hawa wasiguse kabla ya kuuliza. Mwenye pumu kali au mapafu mabovu, anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, mwenye ini bovu, vilevile. Mjamzito anayezimeza karibu na kujifungua anaweza kuzaa mtoto mlegevu asiyenyonya vizuri, na anayenyonyesha anampitishia mtoto katika maziwa. Wachache, hasa watoto na wazee, dawa inawageukia: badala ya kutulia wanakuwa wakali, wanapiga kelele, wanatukana. Msiongeze dozi mkidhani haijatosha.

Kwa wazee nitakaa kidogo. Diazepamu haitoki mwilini upesi. Kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dawa huchukua takriban saa 20 kutoka. Kwa mzee wa miaka 80, nusu hiyo hiyo huchukua takriban saa 90, karibu siku nne. Na ini likiivunja linazaa kemikali nyingine yenye kazi ile ile inayokaa zaidi hata yake. Sasa piga hesabu. Mzee anamimina kikombe kimoja kila usiku kwenye mtungi ambao vikombe vya juzi na jana bado vimo. Wiki ya kwanza hamwoni kitu. Baada ya wiki chache anaanza kuburuta miguu, anataja jina la marehemu akimaanisha la aliye hai, na nyumba nzima inasema, "Uzee huo." Huenda si uzee. Kama dawa hizi zinaleta ugonjwa wa kusahau wa kudumu, watafiti bado wanabishana na mimi sitawaamulia. Kwamba zinawaangusha wazee bafuni na kuwavunja nyonga, hakuna anayebisha tena.

Kuna kisa kimoja nakieleza kila ninapopata watu, kwa sababu ni cha majirani zetu wanaosema Kiswahili kama sisi. Ituri, kaskazini mashariki ya Kongo, kuanzia mwisho wa 2014 hadi 2015. Watu walianza kufika hospitalini shingo zimepinda, ulimi umetoka nje, macho yametazama juu, taya zimekaza. Wakafika kwa mamia, mwishowe zaidi ya 1,000. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa huko, vipimo vikafanywa, na vidonge walivyomeza watu hao vikachunguzwa. Chupa zilikuwa zimeandikwa diazepamu. Ndani hamkuwa na diazepamu hata chembe. Mlikuwa na haloperidoli, dawa kali ya ugonjwa wa akili, ambayo kwa dozi ile huikaza misuli ya uso na shingo namna hiyo hiyo.

Watu wengi mtu akiwasimulia hivi wanasema, "Wafanyabiashara wabaya." Ni kweli. Mimi nilipoisoma niliuliza jambo jingine. Watu zaidi ya elfu moja, wakiwemo watoto wadogo, wote walikuwa wanamezaje dawa iliyodhaniwa kuwa diazepamu? Kwa sababu ilikuwa inatolewa kwa chochote. Homa, maumivu, mwili kuchoka, mtoto anayelia. Kidonge kimegeuka kuwa chumvi, kinatiwa katika kila chungu. Chumvi ikiwa na sumu, hakuna anayesalimika.

Haya. Bi mkubwa.

Mwaka 2007, alfajiri, akienda kutia udhu, aliteleza. Nyonga. Tukampeleka hospitali, akalazwa. Mimi nilikuwa safarini, nikafika siku ya pili. Daktari akauliza dawa anazotumia, dada yangu akataja ya presha na ya sukari. Kidonge cha usiku hakikutajwa. Dada yangu hakuficha, hakikumjia akilini kuwa ni dawa. Kilikuwa kama chai ya jioni. Mimi nilipofika sikuulizwa, na sikujiuliza.

Siku nne za kwanza hakuwa mbaya. Siku ya tano akaanza kutetemeka mikono. Akatoka jasho, akalalamika taa ya wodi inampiga machoni, mlango ukifungwa anashtuka kama amepigwa bomu. Usiku wa sita akaanza kuzungumza na baba. Anamjibu, anamkaripia, anatuonyesha alipokaa. Wodi nzima ikaanza kunong'ona. Shangazi akasema wazi: hili si la hospitali, huyu ana jini, na jini lenyewe limeshika tangu matanga. Akaletwa mtu wa kumsomea. Nami nilikaa pale, mfamasia, nikaitikia amina. Nilikuwa tayari kuamini jini kuliko kuamini kitu nilichokuwa nikikileta mwenyewe kwenye mfuko wa karatasi kila mwezi.

Siku ya saba alipata kifafa. Mwanamke wa miaka 71 asiyewahi kuanguka kifafa hata siku moja.

Aliyetuokoa ni muuguzi wa zamu ya usiku. Hakumwuliza mama dawa gani. Aliniuliza mimi, "Nyumbani, kabla ya kulala, Bi mkubwa hufanya nini?" Nikaanza kuhesabu: husali isha, hunywa maji ya moto, humeza kidonge chake cha usingizi. Nikasikia maneno yangu mwenyewe. Sijawahi kuona haya kama siku ile. Daktari akaitwa, mama akarudishiwa diazepamu kwa kipimo, na kabla ya kesho yake jioni jini lilikuwa limeondoka bila kuaga.

Vijana wa unga wana neno lao, arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea. Tukisikia arosto tunafikiria mtu amejikunja barazani. Mama yangu alikuwa na arosto, wazee wangu, juu ya shuka nyeupe za hospitali, tasbihi mkononi. Mwili haujui tofauti kati ya dawa iliyoandikwa na daktari na iliyouzwa kichochoroni. Ukiufanya mguu wa breki uwe mzito kwa miaka, ubongo wenyewe unapunguza nguvu ya breki zake ili gari lisisimame. Siku kidonge kinapokatika, breki hazipo na mwendo umebaki. Mtetemo, jasho, kukosa usingizi, sauti masikioni, hofu kubwa kuliko ile iliyomfanya aanze dawa. Hapa ndipo wengi wanaponaswa: wanaiona hofu ile wanasema, "Mwaona, ugonjwa umerudi, siwezi bila dawa," kumbe ni dawa yenyewe inayodai.

Hayo yote yalikuwa yanajulikana. Uingereza iliwaonya madaktari wake tangu 1988 wasizitoe kwa wasiwasi zaidi ya wiki mbili hadi nne. Huko Newcastle, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi kuanzia 1982 hadi 1994. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba wafiwa wasipewe benzodiazepini kwa ajili ya msiba wao. Na 2020 Marekani ikaongeza onyo la uraibu na la kuacha ghafla kwenye dawa zote za ukoo huu. Onyo lile la wafiwa nililisoma nimekaa peke yangu dukani, nikafunga mapema siku hiyo.

Sasa kuacha. Kunawezekana, na kunawezekana hata baada ya miaka 20. Quebec, Kanada, walifanya jaribio lililochapishwa 2014. Wazee waliokuwa wakizimeza muda mrefu walipewa kijitabu tu, chenye maelezo rahisi na picha za namna ya kupunguza kidogo kidogo, wakaambiwa wakaongee na daktari au mfamasia. Baada ya miezi sita, asilimia 27 walikuwa wameacha kabisa. Katika kundi ambalo halikupewa kijitabu, asilimia 5. Kijitabu! Nilipoisoma takwimu hiyo nilimkumbuka mama, ambaye katika miaka tisa hakuna aliyemwambia hata sentensi moja, nikiwemo mimi.

Namna yake si siri, ila hupangwa na daktari na haipangwi na jirani. Dozi inapunguzwa kidogo, pengine sehemu moja ya kumi, isizidi robo, kisha mtu anakaa nayo wiki mbili au zaidi mpaka mwili uzoee, ndipo inapunguzwa tena. Wengine hubadilishiwa kwanza kutoka kidonge kinachotoka upesi, kama alprazolamu au lorazepamu, kwenda diazepamu inayoshuka pole pole. Ukiona hali ngumu, unasimama hapo ulipo, huruki kurudi juu. Mama yangu alichukua miezi saba. Mwishoni nilikuwa nakata kipande kidogo mpaka kinakaribia kuwa unga, naye akanitania, "Mwanangu sasa unanipimia zafarani." Alilala vibaya wiki kadhaa. Saa tisa za usiku nilikuwa nasikia redio yake.

Wasiwasi wenyewe, ule wa kweli, una tiba nyingine. Kuna dawa kama fluoksetini na setralini, ambazo hazitulizi siku ile ile. Zinahitaji wiki kadhaa, na siku za mwanzo zinaweza hata kuuzidisha wasiwasi kidogo, basi mtu asikate tamaa siku ya nne. Kuna matibabu ya mazungumzo, yanayomfundisha mtu kuikabili hofu badala ya kuikimbia. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kuwasikiliza kwa utaratibu, na jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar. Dua na kisomo endeleeni navyo, sijavitaja ili viondolewe. Nimetaja tu kwamba siku ile amina yangu haikuweza kushika mahali pa swali la muuguzi.

Kuna mkono umeinuliwa kule nyuma. Naam, Bi. Anasema yeye hamezi Valium, anameza Piriton mbili kila usiku, na Piriton inauzwa kama peremende.

Bi, ahsante, nilitaka mtu aulize. Piriton ni dawa ya mzio, usingizi ni madhara yake tuliyoyageuza kuwa kazi. Haiko katika ukoo huu, na kuiacha hakuleti kifafa. Lakini usingizi wake huisha makali baada ya siku chache, ukabaki na kinywa kikavu, choo kigumu, na kwa mwanamume mwenye tezi dume mkojo unaweza kufunga kabisa. Mzee akizidisha anaweza kuchanganyikiwa. Na ukiichanganya na hivi vya "pamu" na "zolamu", uzito unaongezeka juu ya uzito.

Zimo mkobani? Basi usizifiche, zilete. Nitakuwa pale kwenye meza ya pembeni mpaka Magharibi. Mwenye dawa mkobani, mfukoni, au aliyepiga picha pakiti ya mama yake kwenye simu, aje nayo tuisome pamoja. Wazee waanze. Vijana, saidieni kusogeza viti.